Usijaze Upepo Ukiwa Ndani: Hotuba Kuhusu Maneno ya Gari, Ndege na Safari

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi vijana mnaosomea udereva, ufundi wa magari na huduma za ndani ya ndege: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za asubuhi.

Nimepewa mada ya msamiati wa magari, ndege na safari. Orodha ya maneno hayo mnaweza kuipata kwenye kamusi, kwa hiyo sitaisoma hapa. Nimekuja na hoja moja. Neno ni kifaa cha usalama, limo katika hesabu moja na breki, mkanda na tairi. Abiria asiyeelewa alichoambiwa anasafiri na kifaa pungufu. Na maneno ya kumweleza tunayo, yanasemwa kila siku gereji, stendi na bandarini, ila mara nyingi tunayapita tukikimbilia kutunga mengine yasiyojulikana na mtu.

Tuanze kwenye kiti cha dereva. Anachoshika ni usukani. Usukani ulikuwa mali ya jahazi kabla haujawa mali ya gari: ndio ule ubao wa nyuma unaogeuza chombo majini, na aliyeushika aliitwa msukani. Gari lilipofika pwani, watu walitazama kazi ya lile duara lililo mbele ya dereva, wakaona ni kazi ileile, wakalipa jina lilelile. Nauli nayo ilikuwa malipo ya chomboni. Abiria ni mtu anayevuka, na kuabiri mpaka leo ni kusafiri kwa chombo. Shehena ilipakiwa majahazini kabla haijapakiwa kwenye malori ya kwenda Lubumbashi. Na rubani, ambaye vijana wengi mnamjua kwa kofia na mistari ya dhahabu begani, kwanza alikuwa mjuzi wa bahari, mtu anayejua miamba iko wapi na mkondo unavuta kuelekea wapi, anayekiingiza chombo bandarini salama. Bandarini kazi hiyo haijafa. Ndege ilipokuja, jina likapanda naye angani.

Bara nako kuliacha urithi wake. Katika misafara ya karne ya 19, ile ya kutoka Tabora kwenda Bagamoyo na kurudi, wapagazi walibeba pembe, vitambaa na shanga mabegani na vichwani, na mbele yao alitangulia kirangozi aliyeijua njia. Mpagazi akichoka alitua mzigo. Pale walipotua pakawa kituo. Leo tuna kituo cha basi, kituo cha treni, kituo cha mafuta, na ndege ikigusa ardhi tunasema imetua, kana kwamba nayo inashusha mzigo kichwani. Mpagazi alipewa posho, chakula chake cha siku au kitambaa cha kununulia chakula hicho. Mtumishi wa umma anayesafiri kikazi leo akiulizia posho yake, anaulizia kile alichoulizia babu yake njiani Unyanyembe.

Kuhusu ndege, watu wa Mafia na Rufiji ni miongoni mwa waliotangulia kuiona katika nchi hii. Mwaka 1915 ndege za Waingereza ziliruka kutoka kisiwa cha Mafia kuitafuta manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, na kuielekezea mizinga. Kitu kikubwa chenye mabawa kinanguruma juu ya mikoko! Kiswahili kilikiita ndege, kisha sarufi ikafanya kazi nzuri ambayo hatuiangalii vya kutosha: ndege ametua mtini, ndege imetua uwanjani. Herufi chache za mwanzo wa kitenzi zinatenganisha kiumbe na mashine, na hakuna mtoto wa Kitanga au wa Kimvita anayechanganya.

Mitaani kazi hiyo haijasimama. Daladala ilitokana na dala, jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano, iliyokuwa nauli ya jijini Dar es Salaam mabasi ya watu binafsi yalipoanza kushika njia. Matatu ya Kenya ilitokana na sarafu tatu za senti kumi. Bodaboda ilizaliwa mpakani, Busia, kwa vijana wa baiskeli waliovusha watu kati ya Kenya na Uganda. Mpiga debe alipiga debe kweli, bati tupu, kuita abiria. Sasa tunampigia debe hata mgombea ubunge. Mzunguko wa barabara tunauita kipilefti kwa sababu ya maandishi ya kibao kilichosimama pale. Tuta limetoka shambani, kwenye viazi, likaja kulala barabarani kupunguza mwendo. Ukivuka kwenda Lubumbashi utasikia shofere na avio, kwa sababu huko waliowaletea mashine walisema Kifaransa. Hayo yote ni Kiswahili cha watu wanaosafiri. Sikubaliani na wanaoyaita uharibifu wa lugha.

Lakini darasa kubwa kuliko yote liko gereji, na hapo naomba tukae kidogo.

Nendeni Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mkae kimya, msikilize. Mwenye gari anafika: "Fundi, gari linavuta kushoto." Fundi ameshajua pa kuanzia. Ataangalia upepo wa matairi, kisha alaimenti, yaani kama magurudumu yamekaa sawasawa, kisha kama kuna breki ya upande mmoja inayong'ang'ania. Mwingine anafika: "Limechemsha." Fundi anauliza maji ya rejeta, feni, mpira uliopasuka, na anamwonya asifungue kifuniko injini ikiwa bado ya moto, maana maji yale yatamrukia usoni. "Linamisi": kuna plagi au koili isiyochoma. "Klachi inateleza": injini inanguruma, gari haliendi. "Injini imenoki": hapo nyuso zinabadilika, kwa sababu oili haikufika ilikotakiwa na chuma kimekula chuma.

Mmeona kinachotokea? Majina ya vifaa yamekopwa: plagi, koili, klachi, rejeta, gia, breki. Vitenzi, isipokuwa vichache kama kumisi na kunoki, ni vyetu: linavuta, linachemsha, inateleza, linakula mafuta, linakula tairi upande mmoja, breki inashika, usukani umelegea. Na habari ya ugonjwa imo katika kitenzi. Jina linakuonyesha kifaa tu; kitenzi ndicho kinachokuambia kifaa kinafanya nini na kwa nini uogope. Ndiyo maana sina haraka ya kumtungia breki jina jipya. Breki imeshakaa, tunafunga breki, tunapiga breki, tunashika breki. Ningependa nguvu za wanaotunga istilahi ziende kwenye kukusanya vitenzi hivi vya mafundi, kwa sababu mafundi wanaovijua wanazeeka, na gari la kizazi hiki linatoa taarifa zake kwenye kioo kwa lugha ya kigeni.

Sasa nije kwenye upande wa uchungu wa mada hii.

Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, Hispania. Ukungu mzito. Ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziko kwenye njia moja ya kurukia na haziwezi kuonana. Rubani msaidizi wa KLM alisema redioni maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama "sasa tupo kwenye kuruka". Mwongozaji aliyekuwa mnarani akaelewa kwamba wapo mahali pa kuanzia, wanasubiri ruhusa. Kumbe ndege imeshaanza kukimbia. Kulikuwa na sababu nyingine, haraka ya rubani mkuu, ukungu wenyewe, sauti za redio kugongana. Sisemi neno peke yake liliua. Walikufa watu 583. Hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi kuliko hiyo. Baada yake kanuni za mawasiliano zilibadilishwa: neno la kuruka lisitamkwe redioni isipokuwa pale ruhusa ya kuruka inapotolewa au inapofutwa, na kwa mazungumzo mengine yote litumike neno la kuondoka. Dunia nzima ya marubani ilikubali kubadili usemi wake.

Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca iliyotoka Colombia ilizungushwa angani kwa muda mrefu karibu na New York kwa sababu ya msongamano na hali mbaya ya hewa. Marubani walisema mafuta yanaisha, wakaomba kipaumbele. Neno rasmi la dharura, ambalo lingewalazimu waongozaji kuwaondoa wengine wote njiani, halikutamkwa. Injini zikazima. Watu 73 walikufa. Tangu mwaka 2008 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linataka rubani na mwongozaji wa safari za kimataifa apimwe lugha anayoitumia redioni, na afikie angalau daraja la 4 kati ya 6.

Hao ni wataalamu wanaozungumza wenyewe kwa wenyewe. Abiria je?

Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyoondoka Addis Ababa kuja Nairobi ilitekwa nyara. Watekaji hawakusikia lolote waliloambiwa kuhusu mafuta. Yakaisha. Rubani Leul Abate akalazimika kuishusha baharini karibu na ufuko wa Ngazija, visiwa vya Comoro, kwa ndugu zetu. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Baadhi yao walikuwa wamevaa maboya ya kujiokolea na kuyajaza upepo wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, maboya yaliwanyanyua yakawabana juu. Mlango uko chini, ndani ya maji, na mtu aliyejaa upepo kifuani hawezi kupiga mbizi kuufikia.

Nimesafiri kwa ndege nikasikia maelezo ya usalama kwa Kiswahili yakisomwa hivi: "Uongezaji wa hewa katika vazi la uokozi ufanyike mara baada ya kuondoka katika chombo." Sarufi haina kosa. Lakini mama anayekwenda Mwanza kumwangalia mjukuu wake mgonjwa atalifanyia nini fungu hilo la maneno katika sekunde kumi za giza na maji? Hakuna mtu aliyewahi kumwambia "uongezaji". Kwa hasira niliyokuwa nayo siku ile niliandika pembeni ya gazeti namna ambavyo ningemwambia mimi:

"Usijaze upepo ukiwa ndani ya ndege. Toka kwanza, ndipo ujaze."

Kujaza upepo ni neno la fundi wa pancha aliyekaa chini ya mwembe na pampu yake. Kila mtu aliyewahi kumiliki baiskeli analijua, na kila mtu aliyewahi kusukuma gari lenye pancha pia. Neno la kuokoa maisha ndani ya ndege ya mabilioni ya shilingi lilikuwa tayari pembeni ya barabara, halina mwenyewe, na aliyetafsiri akalipita.

Chukueni na barakoa ya oksijeni. Ndege ikiwa futi 35,000 juu na hewa ikitoka ghafla, mtu ana chini ya dakika moja kabla akili haijaanza kumtoka. Hana muda wa sentensi ndefu. "Barakoa zitashuka juu yako. Ivute moja, ziba pua na mdomo, pumua. Vaa yako kwanza, kisha mvalishe mtoto." Hiyo sehemu ya mwisho inapingana na moyo wa mzazi, kwa hiyo lazima iwe fupi na isemwe kwa uthabiti, na ikiwezekana sababu itajwe: ukizimia wewe, mtoto hana wa kumvalisha.

Mfano mzuri tunao kwenye mabasi yetu. "Abiria chunga mzigo wako." Maneno manne. Anaitwa mhusika, anapewa kitenzi, anaonyeshwa kitu. Sijawahi kuona abiria anayeuliza maana yake. Aliyeandika mara ya kwanza hatumjui, lakini alijua kuwaandikia watu.

Niseme na wa malori, maana naona wengi hapa ni wao. Kuna jambo linaitwa kuliweka gari frii kwenye mteremko. Dereva anatoa gia ili aokoe mafuta, gari linashuka kwa uzito wake. Mmeshapita Kitonga kule Iringa, na wenzenu wa Kenya wanaijua Salgaa. Gari likiwa frii injini haisaidii tena kuzuia, kazi yote inabaki kwa breki. Breki zinapata moto, zinapata moto zaidi, kisha mguu unakanyaga na hakuna kinachoshika. Dereva akipona anasema "breki zilikata". Neno hilo lina shida. Linaifanya breki iwe mkosaji, wakati breki zilichoshwa kuanzia juu ya mlima. Ningetaka mafunzo yenu yaseme "alichoma breki", kwa sababu hapo mtendaji anaonekana, na anayejifunza anaona pa kubadilisha tabia. Na agizo lenyewe liwe lile ambalo madereva wazee wanalifundisha kwa mdomo: mlima uteremke kwa gia ileile ambayo ungeupandia. Na kwa malori ya kisasa, gia iwe ya chini zaidi ya hiyo ikihitajika.

Breki za upepo nazo zinahitaji maelezo ya namna hiyo. Nimekutana na utingo aliyeamini kwamba upepo ukivuja gari litakosa breki kabisa, na mwingine aliyeamini kwamba litasimama palepale bila madhara. Ukweli uko katikati: kwenye malori mengi ya leo upepo ukishuka sana, springi zinashika magurudumu zenyewe, na zinaweza kushika mahali pabaya, kwenye kona, nyuma yako basi limejaa. Geji ya upepo isomwe kabla ya kuondoka. Iitweni geji ya upepo, msiipe jina lingine.

Sasa nawaomba mambo mawili, na nayasema kwa dhati.

Mnapokwenda kwenye mafunzo ya vitendo, chukueni daftari. Msiandike majina ya vifaa, hayo yako kwenye vitabu vya watengenezaji. Andikeni sentensi nzima kama zilivyosemwa: fundi alisema nini, kuhusu ugonjwa gani, mji gani. Wa Mombasa atasema gari imeharibika, wa Morogoro atasema gari limeharibika. Andikeni kama mlivyosikia, msisahihishe. Hao utingo, wapiga debe, mafundi wa pancha na madereva wa masafa marefu wanaovuka Tunduma na Kasumbalesa wana maneno ambayo hayajawahi kuingia kwenye kamusi yoyote. Mkusanyiko wa darasa moja tu kwa mwaka mmoja ungekuwa mali kwa nchi nzima, na walimu wa Kiswahili tuko tayari kuupanga.

La pili ni kwa mtakaohudumia abiria, angani au barabarani. Maelezo ya usalama mkishayaandika, msiyapeleke kwa mwalimu wa lugha peke yake. Mtafuteni mtu ambaye hajawahi kupanda ndege, mketisheni, msomeeni mara moja kwa mwendo wa kawaida. Kisha msimuulize "umeelewa?" Kwetu sisi mtu mzima akiulizwa hivyo na kijana mwenye sare atajibu ndiyo, kwa heshima, hata kama hakushika neno. Mwambieni: "Mama, naomba unionyeshe." Mpeni mkanda aufunge na aufungue. Mpeni boya alivae. Mkimwona anatafuta kamba ya kujaza upepo akiwa bado amekaa kitini, maelezo yenu hayajakamilika. Rudini mkaandike tena, na tena, mpaka mikono yake ifanye kitu sahihi bila kuwatazama usoni. Tafsiri ikikwamia hapo, hata iwe imepigwa muhuri na ofisi gani, haifai kupanda ndege.

Na waalimu wenzangu, mtihani wa mawasiliano katika vyuo vyetu umekuwa ukimtaka mwanafunzi aorodheshe istilahi na kuzifafanua. Ningependa apewe mteremko, lori lenye shehena ya tani 30 na utingo mgeni, kisha aulizwe: utamwambia nini, kwa maneno yapi, kabla hamjaanza kushuka? Tukisahihisha majibu hayo tutajua nani amefuzu.

Nimeambiwa nina dakika chache za maswali kabla ya basi la wageni kuondoka. Kuna kijana safu ya nyuma, mwenye ovaroli, amenyosha mkono tangu nilipotaja frii. Tuanze na wewe, baba. Simama, sema kwa sauti, na usipunguze neno lolote la gereji.